Vipande Vitatu Ndani ya Beseni

Nilianza na utepe wangu wa cherehani,
huu uliokwisha kupima viuno vya nusu ya Pasua,
nikaupitisha ukutani: futi tisa na kidogo,
na hicho kidogo ni pembe ambayo fundi wa nyumba
aliikosea, akala hela, akahamia Babati.

Mfukoni: milioni moja, laki sita na nusu.
Fedha za kikoba, sare za shule za Januari,
na gauni la bibi harusi aliyelipa kwa awamu;
ndoa ilivunjika kabla ya awamu ya mwisho,
akaileta hata hivyo, imefungwa kwenye leso.

Anaeli akanipeleka Arusha, duka lenye vioo,
droo zinajifunga zenyewe, taratibu, kama mtu mwenye adabu.
Alizifungua zote. Akazitazama zikirudi.
"Manka, sikiliza, hazipigi kelele!"
Nikageuza kikaratasi cha bei. Na mimi sikupiga kelele.
Milioni nane na laki mbili,
bila sinki.

Nikamwomba kijana wa duka kipande cha bodi,
hata cha ukubwa wa kiganja, nikaone rangi nyumbani.
Kiborloni nikaomba cha pili.
Cha tatu alinipa Zawadieli, seremala wa Njoro:
plaiwudi iliyobaki kwenye zege la mtu,
ina tundu la msumari, saruji imeigandia.
Usiku nikavitia vyote kwenye beseni la maji,
nikaweka jiwe juu, nikaenda kulala.

Unacheka? Gauni hulijui likiwa kwenye hanga.
Lifue kwanza.

Asubuhi kile cheupe cha Arusha
kimeumuka kama andazi la stendi,
ngozi imebanduka, ndani pumba tupu.
Cha Kiborloni kimenenepa pembeni,
ukikibonyeza, kidole kinaacha shimo.
Cha Zawadieli kilikuwa vilevile,
kichafu, na tundu lake.

Tukakaa kwenye gogo, mimi naye, tukakata maneno.
Pesa iende kwenye bawaba, maana mlango hufia kwenye bawaba.
Iende kwenye koki, na kwenye bomba la maji machafu.
Juu tumwage zege, tusugue terazo,
graniti tuwaachie wenye kuandika majina getini.
Na milango?
Akachomoa penseli sikioni, akapiga hesabu kwenye ubao,
akafuta kwa dole gumba, akapiga tena.
Mitatu tu. Miwili chini ya sinki, mmoja jirani na moto.
"Na kwingine?"
Kwingine, nikamwambia, mimi ni mshonaji.

Siku ya kufunga akauliza kimo.
"Watu wote huwa inchi thelathini na sita."
Watu gani?
Akanitazama, akacheka, akaniambia nisimame,
nikunje mkono kama nakata mchicha.
Akaushika utepe wangu vibaya, upande wa sentimita,
akapima toka sakafuni hadi kiwikoni, akatoa kiganja.
Miaka kumi na tisa napima wenzangu.
Nilisimama wima, nisijue pa kutazama.

Mama mkwe akashuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi.
Akapapasa terazo, akachungulia nyuma ya pazia la kitenge.
"Moshi utatokea wapi?"
Ni gesi, mama. Haina moshi.
"Na mji wenu mmeuitaje?"
Akaikataa meza, akavuta kigoda,
akamenya chini, maganda kwenye beseni lile lile.

Mlango wa nne nitaununua Juni, sare zikilipwa.
Wa tano, sijui.
Droo ya vijiko inapiga kelele kama mbuzi.
Usiku Anaeli huisukuma kwa kiganja,
taratibu, taratibu, mpaka mwisho,
halafu hugeuka kuona
kama nimesikia.